Nani Atampokea Bi Winifred?

Ninyi mnaobaki kwenye chumba cha chini cha kuoshea maiti mmeniuliza mara nyingi niliwezaje kazi hii bila kuota ndoto mbaya. Ndoto mbaya niliziota, tena nyingi, ila zilikuwa za walio hai. Maiti hakuwahi kunitisha. Mtu akishakufa amemaliza vituko vyake. Walionishtua ni wenye pumzi zao, na aliyenishtua kuliko wote alikuja ofisini kwa miguu yake mwenyewe, amevaa kofia ya buluu yenye ua la kitambaa, akaomba kiti.

Nitafika kwake. Vyeo na mishahara sitavigusa. Anayetaka kujua mwosha maiti analipwa nini, aje aoshe.

Nilianza mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenye kampuni ndogo ya mazishi pale Lanham, Marekani. Mume wangu alikuwa dereva ubalozini. Mkataba wake ulipokwisha tulibaki, na kazi iliyopatikana haraka ilikuwa hii, kwa sababu hakuna aliyeigombania. Nyumbani niliwaambia nafanya kazi ofisini. Mama yangu alikufa akijua bintiye Manka ni karani Marekani, na sioni kosa, karatasi zilikuwepo.

Siku ya kwanza alinipokea Mzee Otis, Mweusi wa Kimarekani mwenye asili ya kusini, mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi hata akienda kupiga deki. Alinipeleka chumba cha chini. Mezani alikuwa amelala bwana mmoja mzee, amefunikwa shuka hadi kidevuni. Nilipovaa glavu na kunyoosha mkono, Mzee Otis akanizuia.

"Umejitambulisha?"

"Kwa nani?"

"Kwake."

Nilijua ananifanyia mzaha wa kumpima mgeni. Nikamwangalia usoni nikisubiri acheke. Hakucheka. Akasema, "Usimguse mtu kabla hujamwambia jina lako na unachotaka kumfanyia. Hawezi kukukatalia, kwa hiyo hiyo ndiyo heshima pekee aliyobakiwa nayo."

Basi nikasimama pale, na neno lililotoka mdomoni lenyewe bila kuitwa lilikuwa, "Shikamoo, mzee. Naitwa Manka. Nimekuja kukuosha." Halafu, jamani, nikasubiri kuitikiwa. Niliposhtukia kwamba nasubiri marahaba kutoka kwa maiti, ndipo nilipotaka kukimbia. Mzee Otis akaniuliza neno lile maana yake nini. Nikamweleza. Tangu siku hiyo naye akawa anawapa shikamoo, kwa lafudhi ya Carolina, mpaka alipostaafu. Kama mmekuwa mkijiuliza desturi ile ya chumba cha chini ilitoka wapi, ilitoka kwenye woga wangu.

Kazi yenyewe mnaijua. Kitana chenye meno mapana kwa nywele zetu, maana vile vya ofisini vilitengenezwa kwa nywele za watu wengine. Pamba, maji ya uvuguvugu, na mafuta ya kupaka mikononi ili ngozi isipauke. Haraka sana nikawa mtu wa kuandaa wale wanaosafirishwa. Wakenya, Watanzania, Wakongo, wote wakifiwa walikuwa na neno moja: arudishwe nyumbani. Tukimaliza kumtia dawa na kumvisha, jeneza linafungwa ndani ya sanduku la mbao, karatasi zinapigwa mihuri ubalozini, na Njoroge analipeleka kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege. Njoroge alikuwa dereva wetu, Mkikuyu wa Murang'a, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi, anayelia msibani kuliko wafiwa.

Swali langu kwa kila familia lilikuwa moja: nani atampokea? Nilijifunza kuliuliza kwa uchungu wa watu wengine. Marehemu mmoja alifika Dar es Salaam, upande wa baba ukidhani upande wa mama umekwenda kumchukua, na upande wa mama ukidhani vivyo hivyo. Alikaa kwenye ghala kati ya vipuri vya magari mpaka mpita njia mmoja akasoma jina. Nilipoambiwa sikula siku nzima. Ndiyo maana sikukubali tena kufunga sanduku bila jina la mtu mwenye miguu, atakayesimama pale na kusema, huyu ni wetu.

Sasa ndipo akaja Bi Winifred.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Alikuwa Mzungu mzee, mwembamba, mkoba ameubana kwapani. Mazungumzo yetu yalikuwa ya Kiingereza, chake kikiwa cha Uingereza, cha kung'ata maneno. Nayaweka hapa kwa Kiswahili.

"Nimekuja kuagiza mazishi," alisema.

Nikavaa uso wa pole. "Pole sana, Bibi. Ni nani aliyefariki?"

"Bado," akasema. "Ni mimi."

Nilipigwa na butwaa. Kwetu mtu akitaja tu kifo chake, mama zake wakubwa wanamtemea mate aache kujichuria. Huyu alikuwa anazunguka chumba cha majeneza akiyagonga kwa kifundo cha kidole, kama anachagua tikiti sokoni. Vishikio vya shaba alivikataa. Alisema ni vya wanasiasa. Njoroge aliyekuwa mlangoni, ambaye kwake mama ni 'mathe', alininong'oneza, "Mathe, huyu ana-shop jeneza yake mwenyewe? Haki hii dunia imeisha." Nikamwambia atoke nje akapate hewa. Mimi pia nilikuwa naihitaji.

Wahenga walisema ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Firauni alikuwa njiani.

Bi Winifred alitaka apelekwe Uingereza, kijijini kwao. Kijiji kiliitwa Ormsey. Alikieleza kama mtu aliyetoka huko jana: njia moja nyembamba, kidimbwi chenye mabata, kanisa lenye mnara mfupi, na kaburi la mama yake ubavuni mwa ukuta, hatua chache kutoka lango. Wao waliishi nyumba ya kidimbwini. Aliondoka akiwa msichana, baada ya vita, ameolewa na mwanajeshi wa Kimarekani. Mume alishafariki na kuzikwa Ohio kati ya ndugu zake, ambao hawakumpenda Mwingereza yule na hawakumbakizia nafasi. Watoto hawakujaliwa. Mara ya mwisho kufika kwao alikwenda kumzika mama, zamani, na baada ya hapo hakuwa na wa kumwandikia.

Nikamuuliza swali langu. "Na kule nani atakupokea?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jua linatoka upande gani. "Ormsey," akasema. "Kijiji hakimsahau mtu wake."

Mngetegemea nimbishie. Lakini mimi ni Mchaga. Kwetu, juu kidogo ya mji wa Moshi, mtu huzikwa kwenye kihamba, shamba la ukoo la baba zake, ndani ya migomba, na hata ukikaa ughaibuni mpaka usahau lugha, kihamba kinakusubiri. Nilimwelewa kuliko nilivyowaelewa majirani zangu wote wa Marekani. Nilijua Wazungu wana miji. Sikujua kwamba nao wana kwao.

Tukawa marafiki. Aliishi Riverdale, nyumba ndogo ya mbao karibu na reli, wakati ule ndiyo kwanza mji unaongezewa neno Park uitwe Riverdale Park. Jumapili nikitoka kanisani nilipitia kwake. Nilimfundisha kuitikia shikamoo, akaipenda vibaya mno, nikifungua mlango tu ananitangulia kwa "Marahaba!" kabla sijasema kitu. Chai yake ilikuwa nzuri, ila biskuti zake zingeweza kujenga ukuta.

Faili lake lilikuwa bado halina jina la mpokeaji. Ormsey si mtu mwenye miguu. Kwa hiyo asubuhi moja nikachukua kadi ya simu, nikapiga Uingereza, kwenye ofisi ya makaburi ya mji ulio jirani na kijiji chake, nikidhani wataniunganisha na mwenyekiti wa kijiji. Alipokea mwanamke wa sauti kavu, akasema anaitwa Carol.

"Natafuta kijiji cha Ormsey."

"Hakuna mahali hapo."

"Kipo. Kina kidimbwi na mabata."

"Kilikuwepo. Kilimezwa na mji zamani. Sasa ni sehemu ya Kata ya Magharibi. Kidimbwi ni maegesho ya magari."

Nilikaa chini. Nikamwomba arudie. Akarudia, kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kusema jambo hilo. Mashamba yalijengwa nyumba, barabara kubwa ikapita katikati, halmashauri ya kijiji ikavunjwa, na jina likaondolewa kwenye vibao. Kanisa lipo, ila uwanja wake wa makaburi umefungwa kwa sheria. Kaburi jipya haliruhusiwi kabisa. Kinachoruhusiwa, kasisi akikubali, ni majivu kuwekwa ndani ya kaburi la mzazi.

"Majivu ya nini?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"Ya marehemu," akasema. "Jina lake nani?"

"Winifred. Lakini si marehemu."

Nilisikia Carol akiandika. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Winifred wa nyumba gani?" Nilidhani ni swali la fomu. Nikajibu, wa nyumba ya kidimbwini. Akasema nimpigie nikiwa tayari.

Nilishuka chumba cha chini nikamweleza Mzee Otis. Nilishtuka kama nimepokea habari ya kifo cha mtu. Kijiji kizima! Kimekufa na mwenyewe yuko Riverdale anakunywa chai, anasema hakimsahau mtu wake. Mzee Otis akasema nimpigie simu nimweleze, ni mtu mzima. Nikamwambia haiwezekani. Kwetu habari ya msiba hapewi mtu akiwa peke yake, wala kwa simu, wala na njaa. Anafuatwa, anakaliwa karibu, anahakikishwa amekula, halafu mwenye kifua ndiye anayesema. "Lakini hakuna aliyekufa," alisema Mzee Otis. Nikamwambia hiyo ndiyo shida yenu.

Nilipanga twende watu wawili tu. Nilimwambia Njoroge anisindikize, na nikamwambia sababu, na hapo ndipo niliposahau kwamba Njoroge ana simu. Kwake yeye mtu amepotelewa na nyumbani, watu wasiende? Jumamosi ile nilipofika Riverdale nilikuta magari yamejaa hadi kwenye reli. Wakenya wa kanisa la Njoroge walikuwepo, akina mama wa Kitanzania wamejifunga kanga, sufuria ya pilau, chapati kwenye taulo, chupa za chai. Katikati ya yote, mbele kabisa ya nyumba, limeegeshwa gari jeusi la kampuni ya mazishi, kwa sababu Njoroge hakuwa na gari jingine la kubebea viti.

"Njoroge!"

"Mathe, si ulisema ni msiba? Watu waka-organize. Mtu hawezi lia peke yake."

Kabla sijamjibu, mama mmoja alishaanzisha wimbo wa kuaga.

Bi Winifred alifungua mlango akiwa na aproni. Akatutazama mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza hakunipa marahaba. Akasema tu, "Ingieni, sina viti vya kutosha," na Njoroge akasema viti tunavyo. Tukaingia, tukajaa sebuleni, ukumbini na kwenye ngazi. Wakamkalisha. Wakampa chapati. Alikuwa anaitafuna kwa adabu, macho yamemtoka, huku mama mwenye kanga amemshika mkono akimpapasa, "pole, bibi, pole."

Kumbe majirani wameona gari la maiti na watu wamevaa nguo nyeusi wanaimba. Wakafanya ambacho majirani wema wa Marekani hufanya: wakapiga simu. King'ora kikalia, vijana wawili wa gari la wagonjwa wakaingia na machela, wakipenya kati ya sufuria.

"Marehemu yuko wapi?"

Bi Winifred akainua mkono wenye chapati. "Samahani," akasema, "mimi ndiye mwenye nyumba. Nami pia ningependa kujua." Kisha akanigeukia. "Manka. Nani amekufa?"

Nilikuwa nimepanga maneno marefu. Yote yaliyeyuka.

"Ormsey," nikasema.

Aliweka chapati kwenye sahani. Hakucheka, wala hakuniuliza kama nimerukwa na akili. Aliuliza kama aulizavyo mfiwa yeyote.

"Lini?"

"Miaka mingi iliyopita. Kimemezwa na mji."

"Na hakuna aliyeniambia," akasema.

Wale mama, ambao nusu yao hawakuwa wameelewa Kiingereza chake, walielewa hilo. Walianza kulia wote kwa pamoja. Njoroge aliwatangulia. Vijana wa gari la wagonjwa walisimama na machela tupu, wamepigwa na bumbuwazi, mpaka mtu akawapa sahani za pilau.

Nilimweleza mengine nikiwa nimepiga magoti mbele ya kiti chake: vibao, barabara, kidimbwi. Aliuliza jambo moja tu, kaburi la mama. Nikasema lipo, ila halifunguliwi kwa jeneza. Nikasema kuna njia moja, ya majivu, lakini asijali, hiyo tuiache, tutamzika hapa hapa na sisi sote tutampokea. Watu wakaitikia, ndiyo, tutampokea.

"Basi nichomeni," akasema Bi Winifred.

Sijui kama mnaweza kuelewa jinsi maneno hayo yalivyotua. Kwetu moto ni wa taka na wa adhabu. Kuna mtu aliangusha kikombe. Njoroge alisema, "Ati nini?" kwa sauti iliyofika relini. Nilikuwa nimeosha watu wa kila namna, lakini kila aliyetoka mikononi mwangu alitoka mzima, amechanwa nywele, ana uso wake.

Nilimbembeleza kwa majuma mengi baada ya siku ile. Nilimletea mchungaji. Nilimwonyesha mahali pazuri makaburini, chini ya mti wenye maua. Nilikasirika hadi nikakaa Jumapili moja bila kwenda, na Jumapili iliyofuata nilikwenda na hasira zangu. Alinimiminia chai.

"Uliniuliza nani atanipokea," alisema. "Nilikosea, si kijiji. Lakini mama yupo. Hana nafasi kubwa pale ukutani, kwa hiyo nitajipunguza kidogo."

Kujipunguza! Alisema hivyo kama anazungumzia kukunja miguu ili mwenzake apite. Nilimaliza chai yangu, na sikuacha kushtuka.

Alifariki majira ya kuchipua, usingizini, mtu wa posta akagundua. Nilikwenda na Njoroge kumchukua. Nilisimama kando ya kitanda, nikafanya kama nilivyofundishwa. "Shikamoo, Bi Winifred. Ni Manka. Nimekuja kukuchukua." Niliosha maelfu kabla na baada, nadhani, lakini ni siku ile tu ambapo kimya baada ya shikamoo kilinishinda. Njoroge akanishika.

Nilimwosha, nikamchana, nikamvisha kofia ya buluu. Mzee Otis akasema kofia itaungua tu. Nikamwambia aniache.

Kwenye tanuri la kuchomea maiti, wafanyakazi walizoea kusaini, kupokea na kuagana na dereva. Niliomba kiti. Kwetu mtu wako humwachi peke yake mpaka yamekwisha. Walitazamana, wakaniletea kiti cha plastiki na bilauri ya maji. Nilikaa nikisikia mlio wa moto, nikiomba Baba Yetu kwa Kichaga toka mwanzo hadi mwisho. Walinikabidhi kisanduku. Nilitegemea kiwe chepesi kama majivu ya jikoni. Kilikuwa kizito kama mtoto mchanga. Nilikipakata njia nzima.

Ofisini bosi akasema, sasa kibandikwe anwani kipelekwe posta. Nikadhani nimesikia vibaya. Hapana. Ndivyo wafanyavyo, mtu anapewa stempu kama barua. Nikasema watapita juu ya maiti yangu kwanza, na Mzee Otis, ambaye hakuwahi kunipinga wala kuniunga mkono mbele ya bosi, akasema, "Na yangu."

Lakini hapo ndipo tulipokuwa na utaalamu wetu. Ninyi mnajua: Mwafrika akikata tiketi ya kwenda nyumbani, habari zinafika mji wa jirani, College Park, kabla hajafika mlangoni kwake. Huyu anampa viatu vya mdogo wake, yule dawa ya presha ya mama. Hatutumi posta. Tunauliza nani anasafiri. Niliuliza, na aliyekuwa anasafiri alikuwa Njoroge, likizo yake, Nairobi kupitia London, na uraia wa Marekani alikuwa ameshaupata kwa hiyo kutoka nje ya uwanja wa London bila viza hakukuwa tatizo.

"Mathe, mimi naogopa," alisema. Ni dereva wa maiti aliyesema hivyo. "Mtu mzima kwa hand luggage, imagine, nimemweka huko juu ya kichwa yangu kwa ndege?"

"Usimweke juu. Mpakate."

Nilimpigia Carol kumwambia siku na saa ya kufika. Alijibu kwa sauti ile ile kavu kwamba kasisi amekubali, na yeye Carol atakuwepo langoni, basi. Njoroge alipoondoka na kisanduku kwenye begi la mgongoni, amevaa suti yake ya harusi, nilikaa karibu na simu nikiwa na hakika ya jambo moja: kwamba Bi Winifred anakwenda kupokelewa na karani na mwavuli. Faili lake nililifunga bila jina la mpokeaji. Ni hilo moja tu katika kazi yangu yote.

Simu ililia kesho yake. Ilikuwa kelele za uwanja wa ndege, na Njoroge analia.

"Wamemkatalia?" nilipiga kelele. "Njoroge! Wamemkatalia?"

"Zii, mathe, hawajamkataa. Wacha nipumue." Akapumua. "Nilitoka train nikauliza watu Ormsey ni wapi. Hakuna anajua. Wananiangalia tu. Nika-walk mpaka nikaona ile mnara fupi. Carol alikuwa kwa gate. Lakini hakuwa peke yake, mathe. Alikuwa amesukuma mamake na wheelchair. Mzee sana, amefunikwa blanketi. Kumbe huyo mama ni wa Ormsey. Walikuwa majirani na Bi Winifred, nyumba na nyumba, hapo kidimbwini. Ile siku ulipiga simu Carol alienda akamwambia. Tangu hiyo siku mama anauliza kila asubuhi, Winnie anakuja lini."

"Endelea," nikamwambia.

"Nikafungua begi. Akanyosha mikono. Nikampatia. Akaishika hivi, kwa magoti, akaigonga kidogo na mkono, vile unagonga mtoto mtukutu. Akasema, 'Winnie, umechelewa.'"

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka Mzee Otis akiniondolea simu mkononi, na nakumbuka nilikwenda kabatini, nikatoa lile faili na kuandika kwa herufi kubwa: AMEPOKELEWA.

Zimepita kesi nyingi baada ya hiyo, ngumu kuliko hiyo, na nyingine nitawasimulia mkiniletea chai. Mzee Otis alistaafu, kisha akarudi chumba cha chini kwa njia ile tunayorudi wote, nami nikampa shikamoo yake. Njoroge ameshazeeka huko kwao na bado analia kwenye simu.

Juma lililopita, siku chache baada ya kukabidhi ufunguo na kustaafu, nilivaa vizuri nikaja ofisini kwa mlango wa mbele. Furaha alikuwa mezani. Kwa wasiomjua, ni binti Mkongo wa Goma niliyemfundisha kazi, ndiye anayeshika nafasi yangu. Nikaomba kiti. Nikamwambia nimekuja kuagiza mazishi.

"Pole sana, Mama. Ni nani amekufa?"

"Bado."

Uso wake uligeuka, na nikajua ndivyo uso wangu ulivyogeuka siku ile. Lakini nilimfundisha vizuri. Akavuta karatasi, akauliza linalopaswa kuulizwa. "Na kule Moshi, ni nani atakupokea?"

Nikamweleza. Kijiji chetu hakipo tena. Mji wa Moshi umepanda mpaka umekimeza; sasa ni kata. Barabara ya lami imepita kwenye migomba ya baba, kaka zangu wameuza vipande, na kilichobaki cha kihamba ni kaburi la mama, na upenyo mdogo kati yake na ukuta wa duka la simenti. Nilipokwenda mara ya mwisho niliupima kwa kiganja. Jeneza haliingii.

Furaha aliweka kalamu chini. "Ee, Mama! Weye? Unataka bakuchome? Vraiment, kweli?"

"Nitajipunguza kidogo," nikamwambia. "Wewe siku hiyo uliza tu nani anasafiri."